Kuku wa Mheshimiwa

Kwa miaka kumi na moja, habari za asubuhi bwana wangu wa ndoa alizipata kwangu. Nilisikiliza redio nikiwasha jiko la mbabula, na makaa yakishika moto yeye alikuwa ameingia kuoga. Nilimpa habari kupitia ukuta wa bati: mambo matatu, lililo kubwa kwanza. Na kila mara, sabuni ikiwa machoni, aliuliza, "Nani aliona?" Habari isiyo na shahidi hakuitaka. Nilijiandaa kwa swali hilo kama mwanafunzi wa mtihani, na sikulipenda.

Kisha msusi mmoja wa kike akahamia nyumba ya pili katika parsele yetu, ua mmoja wenye nyumba kadhaa, huko Ruashi. Tulichota maji kwenye bomba moja. Simu yake haikukosa mega za intaneti hata siku moja, na redio yangu ilipokuwa bado inapiga wimbo wa kufungua matangazo, yeye alikuwa ameshasoma yote.

Asubuhi moja ya msimu wa baridi bwana wangu alikwenda kuchota maji ya kuoga, akakawia. Nikatoka hadi kizingitini. Msusi alikuwa anamwonyesha simu.

"Shemeki, ona! Mheshimiwa aliandika ile na usiku. Alishaifuta, lakini miye niliipiga picha."

Mheshimiwa huyo ni mkubwa wa siasa, mtu wa suti na hotuba ndefu. Kwenye ukurasa wake wa intaneti alikuwa ameandika "Bandugu bapendwa", kisha mistari miwili ya herufi zisizotamkika, kisha namba 4 na picha ndogo ya kuku.

"Iko siri ya siasa," bwana wangu alisema.

"Siasa gani! Ni ya bibi ya pembeni. Alikosea njia, ikaenda kwa bantu bote. Kuku njo jina ya mapendo."

"Na ile namba ine?"

"Njo bibi ya ine, shemeki!"

Bwana wangu alicheka hadi ndoo ikafurika. Niliona mambo mawili. Yeye anayewagombeza watoto kwa tone moja la maji aliacha bomba wazi. Na msusi aliishika simu chini, karibu na kiuno, ili mwenye kutaka kusoma ainame. Bwana wangu aliinama. Hakuuliza nani aliona.

Siku hiyo, sokoni Kampemba ninakouza unga, niliuliza kila aliyesimama mbele yangu. Muuza samaki alisema mheshimiwa amekamatwa, anaomba msaada kwa mafumbo. Fundi cherehani alisema ameibiwa simu. Mteja mmoja aliapa kwamba alisinzia, shavu lake ndilo lililoandika. Hakuna aliyeona. Mchana akaja mama anayefua nguo nyumbani kwa mheshimiwa, mteja wangu wa siku nyingi. Nilimuuliza kabla hata ya kumpimia unga.

"Mama, mi nafua paka nguo tu," alisema. "Mambo ya telefone sijui."

Hiyo ndiyo habari yote niliyorudi nayo.

Jioni, mikono yetu ikiwa kwenye ugali wa bukari na kisamvu cha sombe, nilimwambia bwana wangu kwamba mama wa kufua amenieleza yote. "Bibi yake alimufungia mulango. Mheshimiwa akalala mu nyumba ya kuku. Na ile baridi, bidole bikakuwa bigumu. Alitaka kuandikia mulinzi afungue saa ine, akaandikia Katanga yote."

Tonge lilimponyoka. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kiwiko. Nililisubiri lile swali, nalo halikuja. Furaha ikanipanda kichwani, nikaongeza manyoya kwenye suti.

Kesho yake niliwasikia tena bombani. Alikuwa anamsimulia msusi hadithi yangu, amejikunyata, anatetemeka kama mheshimiwa kati ya kuku. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuuonea wivu hata uongo wake mwenyewe.

"Bongo! Uongo huo, shemeki!" msusi alisema, akishika mbavu. "Nani aliona?"

Bwana wangu aliacha kucheka.

"Mama wa nyumba yangu njo alileta. Ule hasemake kintu bila kuuliza kwanza. Miaka hii yote namuuliza, hajashindwa hata siku moja."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayotumia karakanani kwake kumtajia mteja urefu wa chuma kabla ya kukikata. Nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo tupu. Ningeweza kubaki hapo. Msusi angenyamaza, nami ningeshinda.

Nilitoka. "Hakuna mwenye aliona. Mi njo nilitunga."

Msusi akainamia simu yake. Bwana wangu alifunga bomba, polepole.

"Na ule mama wa kufua?"

"Alisema hajui."

"Na manyoya?"

"Ya miye."

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, lakini kicheko hakikutoka. Alibeba ndoo akaenda kuoga. Siku hiyo hakutaka habari.

Asubuhi iliyofuata redio ilisema barabara ya mgodini imefunguliwa. Nilisimama kwenye ukuta wa bati, nikaisema.

"Nani aliona?"

Nilimtajia dereva wa lori la unga, aliyepita hapo jana yake jioni. Kule ndani maji yakaacha kumwagika.

"Nani aliona?" aliuliza tena.

Nikamtajia shahidi wa pili.