Siku programu ya email ilikataa kufungwa Sabato ikiingia, Migori

Wakuu, habari za huko mliko. Nimesoma vijana humu wakilalamika eti wakizima kompyuta, programu ya email inang'ang'ania kubaki wazi. Kaeni kidogo niwaambie ya Migori, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Sitaongeza chumvi, hadithi yenyewe inayo ya kutosha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza form four nikarudi kwa kochi.

Kwa hivyo dada yangu Rispa alipofungua bureau ya email, watu walipe kutuma na kusomewa barua, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, kazi ndiyo ilinifuata. Nilikuwa naenda ofisini na slippers.

Kompyuta moja, laini ya simu moja. Sheria pia moja: Rispa ni Msabato, na Ijumaa jua likizama kila kitu kiwe kimezimwa. Hata chakula cha Jumamosi huwa kimeshapikwa.

Ijumaa hiyo Mama Ouko alikuwa kwenye benchi, ametoka kijijini kwao Magunga asubuhi.

Mtoto wake Ouko alikuwa anasoma ng'ambo. Mtu alikuwa ameleta maneno kwamba kijana amegongwa na gari huko, amekufa. Ukweli hakuna aliyeujua. Tulikuwa tumemwandikia Ouko email, na siku nzima niliangalia kama jibu limeingia, bila kuona kitu.

"Mama, rudi Jumapili," nikamwambia. Hakusimama.

Nikabofya Shut Down.

Kila kitu kikafungwa isipokuwa email. Kikatokea kisanduku: programu hii haijafungwa, uilazimishe au ungoje? Nikangoja. Kikarudi tena, kile kile.

"Wewe, jua linaenda!" Rispa akaita kutoka jikoni. "Hiyo kitu yako inafanya overtime?"

"Imekataa kulala."

"Ajabu. Wewe hujawahi kukataa."

(Huyo ndiye dada yangu, wakuu. Nimeishi na hayo maneno.)

Nikainama, nikashika waya wa stima nichomoe.

"Wacha!" Mama Ouko akasema. "Hizo taa zinacheza. Siku yote zilikuwa zimetulia."

Nikaangalia modem, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Kweli, taa zilikuwa zinapepesa kama zimepagawa. Kulikuwa na kitu kikubwa kinaingia, na ile programu ilikuwa imekataa kufunga mlango mgeni akiwa kizingitini.

Mara jina la Ouko likatokea kwenye skrini, barua mpya, ina picha. Kabla sijagusa kitu, programu ikajifunga yenyewe. Skrini ikawa nyeusi, na maandishi ya rangi ya machungwa: sasa ni salama kuzima kompyuta.

Nje jua lilikuwa limeshazama.

Rispa akatoka jikoni, tukabaki watatu tunatazama lile giza. Barua imeingia. Sabato nayo imeingia.

Rispa, ambaye Sabato hawashi hata kiberiti, akajifuta mikono.

"Washa."

"Rispa?"

"Washa bwana. Na Mungu nitaongea mimi."

Nikawasha, nikafungua ile barua. Mnakumbuka kompyuta za zamani zilivyochora picha, mstari kwa mstari kutoka juu? Ukuta mweupe. Mto. Bandeji. Mama Ouko akanishika bega, kucha zikaingia.

Paji la uso. Kovu juu ya nyusi.

"Hapo aligongwa na jembe akiwa mdogo," akasema. Hatukupumua, maana mstari uliofuata ulikuwa wa macho.

Yalikuwa wazi. Halafu meno, kijana anacheka!

"En wuoda," mama akasema. Ni mwanangu. Akaweka kiganja kwenye kioo cha skrini, na hakuna aliyemwambia asiguse.

Fikirieni, wakuu. Ningechomoa ule waya, angerudi Magunga akamlilie mtu aliye hai.

Somo langu ni fupi: mashine ikisema ngoja, angalia kwanza inangoja nini. Mpaka leo kompyuta ikisumbua kuzima, naondoa mikono mezani, nakaa tu. Rispa anasema hatimaye nimepata kazi ninayoiweza.

Waliokuwa na modem enzi hizo wako wapi? Njooni mseme yenu, na mnicheke kwa utaratibu.