Gemu la mgodini lilivyomfundisha rafiki yangu kuniacha kwenye moshi

Wakuu, poleni na majukumu. Kwa mliotutangulia, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimekuta watu wanabishana kwamba hizi training za gemu, za kuvalishwa miwani na kushikishwa rimoti, ni kampuni kuchezea muda na kuwageuza watu wazima kuwa watoto. Nikaona nisipite kimya.

Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Pale ambapo sikuwepo nitasema nimeambiwa na nani. Jina la kampuni sitaji, bado nakula hapo.

Mniite Baba Pendo. Naishi Nyasubi hapa Kahama, nafanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi mmoja mkubwa wa ukanda huu wa dhahabu.

Rafiki ninayemzungumzia ni Shija. Kwao ni Ushetu, familia ya wakulima wa tumbaku. Wasukuma mnajua, Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha, na yeye anasema ndiyo maana hana makelele, alikuta nyumba imeshajaa makelele ya Kulwa na Doto.

Ni mrefu, mpole, anakula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kama mtu anayelipwa kwa kutafuna. Mimi ananiita nkoi, kwa Kisukuma ni rafiki. Hajawahi kuniita jina lingine tangu tumejuana.

Tulijuana kwenye maduara upande wa Geita, kabla hatujaajiriwa.

Kwa wasiojua, duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Mnashuka kwa kamba, mnapandisha mawe kwa winchi, magogo ya matimba yanashikilia udongo na Mungu anashikilia matimba.

Kule kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mtu akipata shida chini, mnamfuata nyinyi mlio pale. Hakuna mwingine anayekuja. Kupiga simu ni kupoteza muda, mpaka gari lifike mmeshaanza kutafuta ubao wa jeneza.

Siku moja hewa ilikata, mwenzetu akazimia chini. Shija alilowesha shati lake kwenye ndoo, akajifunga puani, akashuka. Akamfunga yule jamaa kwenye kamba, tukavuta. Kisha tukamvuta yeye. Jioni tulikula ugali kama kawaida, hakuna aliyemsifu, kwa sababu kila mmoja pale alijua zamu yake ikifika atashuka.

Shikeni hapo.

Baadaye tukapata kazi kwenye huu mgodi mkubwa kupitia mkandarasi. Tulifurahi sana. Vipimo vya afya tukapita, darasani tukakaa, tukaonyeshwa vifaa. Hatua ya mwisho ndiyo ikawa chumba cha gemu.

Mwalimu alikuwa dada mmoja wa Tanga, Madam Rehema. Mdogo kiumri kwetu wote, sauti ya chini, ila akikuambia kaa unakaa.

Unavaa miwani mikubwa inayofunika uso, unashika rimoti mbili. Ghafla uko mgodini. Ukiinua kichwa unaona mwamba, ukitazama chini unaona buti zako. Wenzako wanatazama unachokiona kwenye skrini ya ukutani.

Gemu lenyewe liko hivi. Unatembea kwenye njia kuu, mashine inawaka moto, moshi unaanza kujaa. Unatakiwa uvae kile kikopo cha hewa tunachotembea nacho kiunoni, uende chemba. Chemba ni chumba cha chuma kilichowekwa huko huko chini, kina hewa yake na simu ya kuongea na watu wa juu. Unajifungia humo, unatoa taarifa, unasubiri timu ya uokoaji.

Mtego uko katikati. Ng'ambo ya moshi unaona taa ya kofia ya mwenzako. Kakwama huko.

Sahihi ni kutomfuata. Kile kikopo kinakutosha wewe kufika chemba tu. Ukiingia kwenye moshi kumtafuta, hewa inaisha na unafia njiani.

Mimi nilifanya vizuri mara ya kwanza. Sijui ni uelewa au ni uoga, sikujichunguza.

Shija akavaa miwani. Akafika kwenye moshi, akaona ile taa, akaingia.

Skrini ikawa nyekundu, kisha nyeusi, yakaja maandishi: UMEPOTEZA MAISHA. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka.

Akarudia. Akaingia tena.

Akarudia tena, akafa tena. Ilipofika hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Jasho lilikuwa linamtoka utadhani yuko chini kweli.

Madam Rehema akamvua miwani mwenyewe. "Kaka Shija, maelekezo umeyaelewa?"

"Nimeyaelewa, madam."

"Sasa kwa nini unaingia?"

"Taa yake inawaka. Mtu ambaye taa yake bado inawaka siwezi kumpa mgongo."

"Yule si mtu. Ni picha."

"Najua ni picha," Shija akasema. Akaangalia chini. "Miguu ndiyo haijui."

Akaambiwa atapewa nafasi ya mwisho wiki inayofuata. Akishindwa, hakuna kibali cha kushuka, na bila kibali hakuna kazi.

Jumapili nikaenda kwake. Mke wake, Mama Minza, alikuwa ameshasikia. Alitukaribisha chakula, akakaa pembeni na mtoto mgongoni, anatusikiliza.

Nikamwambia Shija, "Hili ni gemu tu. Fumba macho, geuka, nenda chemba, upate kibali. Mambo ya moyoni yabaki moyoni."

Akasema, "Na siku ikiwa kweli? Ukiwa wewe kule?"

Nikajibu haraka haraka, "Mimi niache."

Aliweka tonge chini. Shija hakasiriki, wakuu, ila siku ile alinuna. Alinawa mikono akaenda kukaa nje. Mama Minza alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia, "Shemeji, huyu hawezi kudanganya hata kwa mikono. Mtafutieni njia nyingine ya kumwelewesha."

Sikuwa na njia nyingine. Lakini nilimfikishia Madam Rehema maneno yale, na nikamweleza habari za maduara, jinsi tunavyoishi kule. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuandika kitu.

Siku ya nafasi ya mwisho ikafika. Madam hakumpa Shija lile gemu la siku zote. Alimwambia, "Kaka, leo wewe si wa kuokolewa. Leo wewe ndiye timu ya uokoaji."

Kumbe gemu lina upande mwingine. Unashuka na mitungi mikubwa ya hewa mgongoni, unatafuta watu.

Raundi ya kwanza, watu wawili wamepotea na taarifa hakuna. Yule aliyemwona mwenzake aliingia kwenye moshi kumfuata, kwa hiyo chemba iko tupu na simu ya chemba haijalia. Shija akaanza kutafuta. Njia ya kushoto, hakuna. Njia ya kulia, hakuna. Akarudi, akazunguka, akaanza kuita majina ambayo gemu halina. Muda ukaisha. Alipowapata, wote wawili walikuwa wameshakufa, taa zao ziko chini.

Raundi ya pili, ajali ile ile. Safari hii mmoja amekimbilia chemba na simu imelia. Madam Rehema mwenyewe akawa anaigiza sauti ya aliye ndani: mwenzangu yuko njia ya tatu, upande wa kulia, baada ya tanki la maji, taa yake inawaka.

Shija alienda moja kwa moja. Akampata. Akampa hewa, wakatoka.

Alipovua miwani alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetoka kubeba gunia. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo kule juu kweli kuna watu wanaokaa kusubiri hiyo simu?"

Madam akamjibu, "Wapo kila zamu. Nitakupeleka uwaone."

Na kweli akampeleka. Shija akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akawauliza majina, wengine akawauliza hadi kwao ni wapi. Nadhani hicho ndicho kilichomaliza kazi. Alirudi, akavaa miwani, akaona taa ng'ambo ya moshi. Alisimama pale kwa muda, tukaona kwenye skrini picha inatetemeka kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinatetemeka. Kisha akageuka akaenda chemba.

Akapewa kibali. Hatukufanya sherehe. Yeye mwenyewe hakutaka kuongelea.

Miezi ikapita, tukazoea kazi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa zamu ya asubuhi. Mimi nilikuwa njia ya pembeni natengeneza pampu ya maji, Shija yuko njia kuu na watu wa kuchoronga, wale wanaotoboa mwamba kwa mashine. Tulikuwa tunaonana kwa mbali, taa kwa taa.

Mashine moja ya kubebea mawe ikapata hitilafu, ikawaka moto katikati yetu.

Moshi wa chini ya ardhi haufanani na wa juu. Hauna pa kwenda, unakuja kama ukuta. Nikafungua kikopo changu nikavaa. Nikanyanyua kichwa, nikaona taa ya Shija ng'ambo. Nilijua ni yake kwa ule urefu wake, taa yake ilikuwa juu kuliko za wengine.

Ilisimama. Ilinielekea mimi kabisa.

Kisha ikageuka, ikaondoka.

Wakuu, naomba niwe mkweli. Mimi niliyesema "niache" huku natafuna ugali, siku ile nilipoiona ile taa inageuka, kitu kilikatika ndani. Kwa muda mfupi nilimchukia. Nilijisemea, hata Shija.

Halafu mafunzo yakanirudia, maana na sisi tuliokwama tulifundishwa pa kwenda. Nikarudi nyuma mpaka mwisho wa njia, nikashusha turubai la kuzuia moshi, nikalibana chini kwa mawe. Nikafungua bomba la hewa ya kuchorongea, ikaanza kuvuma. Nikalala chali karibu yake. Nikamwaza Pendo na mama yake. Nikaomba. Nikiishiwa maneno ya kuomba, narudia yale yale.

Sijui nilikaa muda gani. Nilichosikia ni buti, kisha turubai likanyanyuliwa.

Mtu wa kwanza kuingia aliniita jina. "Baba Pendo, tulia, tumekuja. Tumeambiwa uko kulia, nyuma ya pampu."

Hawakuwa wametafuta popote pengine. Walikuja moja kwa moja.

Yaliyotokea chemba nimesimuliwa na fundi mmoja aliyekuwa humo. Anasema Shija alikuwa wa kwanza kushika simu. Alieleza nilipo, akaeleza tena, akawaomba wamrudishie maneno yake ili ahakikishe wameelewa. Alipokata simu alianza kulia, hakujificha. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi na kukalia mikono yake yote miwili. Fundi akamuuliza kwa nini anakaa vile. Akamjibu, "Nikiiachia itafungua mlango."

Hakuna aliyekufa siku ile. Mashine iliteketea.

Nilipandishwa juu, nikapelekwa zahanati, nikawekewa hewa. Chemba ilifunguliwa baadaye, moshi ulipoisha. Shija akaja akasimama mlangoni, uso mweusi kwa vumbi, machozi yamechora njia mbili.

"Nilikuacha, nkoi," akasema.

"Niliona taa yako ikigeuka."

"Ulinichukia?"

Nikafikiria kumdanganya, nikashindwa. "Kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anategemea jibu hilo hilo. Akavuta kiti akakaa, akanishika mguu, maana mikono yangu ilikuwa na mipira ya dawa. Nikamwambia, "Ungekuja, saa hizi Mama Minza na mama Pendo wangekuwa wanalia nyumba mbili. Asante kwa kuniacha." Aliendelea kunishika ule mguu mpaka nesi alipomwambia na yeye aende akapimwe.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki.

Gemu halikumfundisha Shija upendo, huo alikuja nao. Halikumfundisha ujasiri pia, alikuwa nao tangu maduarani. Lilimfundisha kuamini kwamba kuna watu wengine watakaokuja. Mtu aliyekulia mahali ambapo hakuna anayekuja, hilo huwezi kumweleza kwa maneno darasani. Lazima alione, afe mara kadhaa mle kwenye gemu bila kufa, mpaka miguu yake nayo ielewe.

Na wenzetu wa maduara, msiwacheke mkisikia wanashuka kufuatana kwenye hewa mbaya. Wao simu yao hailii popote. Wakiwekewa watu wa kusubiri hiyo simu, hata wao watajifunza kugeuka.

Karibuni mchangie. Wachimbaji, madereva, manesi, yeyote aliyewahi kufundishwa kazi kwa gemu, tuambieni lilisaidia au lilikuwa mchezo tu. Na niambieni kwa ukweli, ile taa ungeipa mgongo?

Shija yumo humu, huwa anasoma bila kuandika. Mwenye neno lake kwake aliweke hapa chini, ataliona.

Mimi la kwangu nilishamwambia.