Fomu Iliyouliza Tumeshinda Ngapi

Fomu ilifika kwa basi la Nairobi, ndani ya bahasha ya kaki. Wakili aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akaiweka mezani kwangu, kando ya taipureta.

"Jaza," akasema. "Usiniharibie."

Mimi nilikuwa nimetoka Kenya, kama watu wa Garissa walivyosema juu ya kila aliyevuka daraja la Tana kuja kwao, kana kwamba kwao si Kenya. Shule niliiacha darasa la saba. Niliwahi kuuza betri na kupaka malori rangi. Kupiga chapa nilijifunza kwa sababu nilitaka kujua zile herufi hurukaje. Sikuwahi kukaa mahali mwaka mzima. Kwa wakili huyu nilikaa miwili kwa ajili ya mafaili yake, ambayo niliyasoma yote, hata yasiyonihusu.

Kulikuwa na watu Nairobi waliokuwa wakitayarisha kitabu cha ofisi bora za sheria, na fomu ilikuwa yao. Wakili hakuwa na haja ya sifa. Ila shirika moja la makambi ya wakimbizi lilitafuta wakili wa kudumu, na lilimwambia wazi kwamba litachagua kutoka kitabuni. Bila kazi hiyo ofisi isingefika msimu wa mvua. Mwenye nyumba alishaanza kuja na fundi kupima kuta zetu huku sisi tumeketi.

Swali la nne lilisema: Taja kesi tatu kubwa mlizoshinda.

Nikafungua kabati. Faili baada ya faili, ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno yaleyale: kesi imeondolewa mahakamani. Hiyo ndiyo kazi iliyompa wakili heshima. Waliogombana walikwenda kukaa na wazee wao kufanya maslaha, suluhu ya kimila, naye akakaa nao, akiandika na kufuta mpaka kila upande ulikubali kila neno. Kisha walirudi kortini pamoja kuomba kesi itolewe. Ile ya kisima cha karibu na kijiji cha Diff, ambapo kijana alikatwa panga begani na koo mbili zikaanza kutafuta risasi, ilimchukua wiki tatu. Alirudi midomo imepasuka. Hakuna aliyeuawa.

"Andika tulisuluhisha," akaniambia.

"Wanauliza mlizoshinda."

"Hatukushinda."

"Nairobi hawajui maslaha, bosi. Wakiona kesi imeondolewa watadhani ulikimbia."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Wewe unajua kila kitu," akasema. Lakini hakunikataza. Nikapiga: tulishinda.

Walitaka pia mteja wa kutoa ushuhuda kwa simu. Tukamtaja mzee mmoja wa kisima kile, mfanyabiashara wa ngamia na baba wa yule kijana aliyekatwa. Siku hizo alikuwa akishinda katika duka la mpwawe, mtaa wa Waberi, na duka lilikuwa na simu.

Siku ya kupigiwa nilifika mapema. Mzee alikuwa ameketi juu ya gunia la sukari. Kando yake, wakinywa chai ya birika moja, aliketi baba wa yule aliyeshika panga. Walikuwa wameleta mbuzi sokoni pamoja.

Simu ikalia. Mzee akaishika kwa mikono miwili.

"Naam. Wakili? Ndiyo, najua yeye." Nilisikia sauti nyembamba ya mwanamke ikisoma swali. Mzee akamtazama mwenzake, ambaye alikuwa ameshusha kikombe. "Alishinda nini?"

Sauti ikarudia.

"Habana. Hakushinda. Hakuna mtu alishinda."

"Mzee," nikanong'ona, "sema tu mlishinda."

Akafunika simu kwa kiganja. "Warya, nikisema mimi nilishinda, huyu ameshindwa. Unataka turudi kisimani na bunduki?"

"Mwambie ulishinda kidogo," mwenzake akasema, na wote wawili wakacheka.

Mzee akarudi kwenye simu. "Wakili ni mtu mzuri sana. Lakini kushinda, wallahi, hakushinda." Alipokwisha akaniuliza kama amesema vizuri. Nikamwambia ndiyo.

Kitabu kilitoka, nasi hatukuwamo. Shirika likachukua ofisi ya Nairobi. Wakili hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Tulitia mafaili katika magunia, akapanda nayo lori la kwenda kwao Rhamu, mimi nikabaki kurudisha ufunguo.

Kesho yake yule mzee wa ngamia akaja na kidumu cha maziwa. Mvua ilikuwa imekosekana na kule kisimani watu wameanza kusukumana tena. Alimtaka wakili.

"Amekwenda, mzee. Ofisi imefungwa."

"Atarudi lini?"

"Harudi."

Akautazama mlango, kisha akaketi kwenye ngazi, kidumu katikati ya miguu yake. "Nitangoja kidogo," akasema.

Nilichukua mfuko wangu nikaelekea darajani. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado pale, maziwa yakipigwa na jua.