Tairi Nne za Nyuma

Mwaka ule nilikuwa nimechoka mpaka hasira yenyewe ilinichosha. Karakana niliyoifanyia kazi tangu ujana ilikuwa imefungwa, posho ya unga imekatwa, na wanajeshi walipomaliza kupora maduka ya mjini, raia walimalizia milango na mabati. Kwetu mtaa wa Makomeno tulikula mara moja kwa siku. Nilibaki na pikapu kuukuu, tela niliyoiunga kwa vyuma chakavu, na shamba la mahindi kule Annexe, nje ya mji, ambalo mke wangu alililima kwa jembe wakati mimi nikisubiri mshahara usiokuja.

Mahindi yalikuwa yamekauka, na wezi walikuwa wanavuna kabla yetu. Tulipaswa kuyatoa yote kwa safari moja, kwa sababu mafuta ya safari ya pili hayakuwepo. Lakini pikapu haikuuweza mzigo huo. Nilipojaribu kuvuta tela iliyojaa kuni, shingo ya tela ilikandamiza mkia wa gari, pua ikainuka, na tairi moja ya nyuma ikapasuka. Nikaamua kuiwekea tairi nne nyuma, mbili kila upande, kama lori.

Kazi hiyo niliifanya na jirani yangu, fundi wa kuchomelea. Tulichomelea umeme ulipokuwepo, yaani mara chache. Aligeuza rimu zikakaa mgongo kwa mgongo, akakata duara la chuma la kuziachanisha, na bolti tukaweka ndefu zaidi. Ni mtu mpole, na upole wake ulinikera. Kila kitu alikipima mara tatu. Alinieleza, kana kwamba sijawahi kushika spana, kwamba tairi pacha hazitakiwi kugusana hata kidogo, kwa sababu zikilemewa matumbo yake huvimba, na zikisuguana zinaungua. Nilimjibu kwamba yeye akipima, wezi wanavuna.

Ikabaki kulijaribu gari kwa uzito. Mizani ya karakana ilikuwa imebebwa vipande vipande wakati wa uporaji. Basi tukafanya kama ilivyokuwa desturi mtaani petu gari likitoka kwa fundi: tulisubiri misa iishe, tukaomba korali ya kanisa ipande, tela yenye kuni ikiwa imefungwa nyuma. Hesabu yake niliijua tangu enzi za karakana, waimbaji kumi na wanane ni sawa na magunia kumi na manne. Wakapanda na robe zao, yale mavazi mapana ya korali, mke wangu akiwa kati yao, wakabanana wakicheka. Mwimbaji mmoja wa besi akauliza kama na nyimbo tunazipima. Fundi alilala chini ya gari, akapitisha vidole viwili katikati ya tairi, akasema iko muzuri. Nilifurahi siku ile, sikatai. Ilikuwa miezi mingi sijafurahi.

Siku iliyofuata tulikwenda shamba, mimi, mke wangu na fundi. Nyuma ya pikapu tulipakia magunia kumi na manne, bila kuzidisha hata moja, na mengine tukayaweka kwenye tela. Gari liliondoka vizuri, likiwa limetulia barabarani. Hatukufika hata nusu ya njia, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Niliposimama, moshi ulikuwa unatoka katikati ya tairi za kushoto.

Nilimtukana fundi. Nilimwambia duara lake lile angemfungia mtoto kwenye gari la waya, na kwamba chakula chetu cha mwaka mzima kitaishia barabarani kwa ajili yake. Alilala chini akajaribu kupitisha vidole, vikakataa. Akaomba tushushe gunia moja. Mimi na mke wangu tukashusha. Akasema bado, toa ingine. Wapita njia walianza kusimama wakitazama magunia. Tulipoweka chini la nne, akasema vidole vinapita.

Alitoka chini ya gari, akahesabu magunia yaliyobaki nyuma ya pikapu. Yalikuwa kumi.

"Yaya," aliniambia, kama mtu amwitavyo kaka yake, akigonga lile duara la chuma, "fer haina makosa. Tulipima na bantu ba zamani."

Hesabu yangu ilikuwa ya miaka ya posho, watu walipokuwa wanashiba. Korali iliyopanda gari letu haikufika magunia kumi na manne, ilikuwa kumi tu, nami nilikuwa nao kanisani kila Jumapili bila kuona kitu. Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa amekalia gunia la nne akihema, na mifupa ya mabega ilionekana kupitia blauzi. Nilimuuliza kwa nini jana yake juu ya gari alionekana mnene kama zamani.

"Chini ya robe nilivaa bikwembe tatu," alisema, akishika kitenge alichojifunga. "Bamama bote ba korali banavalaka vile. Bila vile robe inatuanguka."

Niliona aibu, na machozi yakanitoka. Akanikataza kulia, watu wanatuangalia. Halafu akaonyesha magunia yale manne yaliyokuwa chini.

"Ile saki ine, upe korali."

Nilikasirika. Nilimkumbusha kwamba hiyo ni miezi ya chakula cha watoto wetu, na kwamba baiskeli za kuyafuata tungeweza kuziazima. Aliendelea kukaa pale juu ya gunia, akinisubiri.

Nilimwomba fundi radhi, naye akakubali kubaki kuyalinda. Mke wangu akapanda mbele. Niliendesha polepole nikisikiliza tairi, na tulipoingia mjini sikushika njia ya nyumbani. Nilikwenda kwanza kwa yule wa besi, kumwambia akusanye wenzake waende na baiskeli kuchukua mahindi yao.