Sikurubu za Mzee Apolinari

Herieth amechapa tasnifu za watu kwa miaka kumi na tisa, kwenye steshenari moja ya Temeke. Mwenyewe aliishia kidato cha nne kwao Masasi, lakini kwa kuchapa kazi za wanafunzi wa uzamili amejua fonimu ni nini, mofimu ni nini, na ni ukurasa upi mtu kaiba kazi ya mwenzake. Hilo la mwisho ndilo lililomharibu. Siku hizi haamini mtu.

Juni mwaka jana Brightson, mwalimu wa Kiingereza anayesomea shahada ya pili ya isimu, alimletea sura ya nne. Alikuwa amechunguza jinsi mafundi wa Keko wanavyotamka maneno yaliyotoka kwenye Kiingereza. Herieth anaishi Keko. Alipofika kwenye jedwali, vidole vilisimama. Mafundi wote kumi na wawili walisema "skrubu" na "droo". Hakuna hata mmoja aliyesema "sikurubu" wala "doroo".

"Huyu hajakanyaga Keko," alimwambia Vaileth wa mashine ya fotokopi. "Kakaa kwake, kajaza."

Kwenye kiambatisho akakuta jina la jirani yake: Apolinari, seremala, miaka 61. Brightson akipiga simu kuulizia kazi, Herieth alimjibu kwa mkato, huku akiisikiliza sauti yake kama polisi.

Jumamosi alikwenda karakana kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Eti, kuna mwalimu alishawahi kuja kukurekodi?"

Mzee Apolinari aliweka randa chini. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Alikuja mmoja, kachomekea, simu mkononi. Ananionyesha sikurubu, ananiuliza hii inaitwaje. Mtu mzima hajui sikurubu? Nikajua huyu wa manispaa, anatafuta sababu ya kutuondoa barabarani. Nikawaambia wenzangu, leo tunaongea kama redio."

Herieth alirudi nyumbani uso umemshuka. Jumatatu alimweleza Brightson yote.

"Kumbe ulikuwa unanichunguza, dada Herieth?"

"Ndiyo. Nilijua umetunga."

Brightson alilivuta jedwali, akalisoma upya. "Tulifundishwa darasani kabisa," alisema hatimaye. "Mtu akijua anasikilizwa, anabadilisha anavyosema. Nililifanyia hadi mtihani."

Aliahirisha kukabidhi kazi kwa miezi miwili. Akawa anakwenda Keko kukaa tu, mafundi wakibishana mpira, mpaka walipomzoea. Ndipo akaomba ruhusa ya kurekodi tena, na simu ikakaa juu ya mbao hadi wakaisahau. Safari hii jedwali lilijaa irabu ambazo Mwingereza hakuziweka.

Siku ya kulichapa, Brightson alivuta kiti, akakaa nyuma ya Herieth tangu asubuhi hadi jioni, akifuatilia kila herufi. Herieth alimwacha. Angekuwa yeye, naye angekaa hapo hapo.