Siku Kinu Alipopigana Peku

Nilikuwa narudi likizo, rafiki yangu, sanduku kichwani, tumbo likiwaza mlenda wa bibi, nikakuta mtaa wetu mzima wa Isevya, Tabora, umekaa kwenye mikeka uani kwetu. Kinu, mpangaji wetu, amefariki. Hata sijatua sanduku, jirani yetu seremala, aliyekuwa akipigilia jeneza misumari, tayari anamhukumu marehemu.

"Mtu mwema, sikatai. Lakini bondia? Bondia gani hajawahi kumlaza mtu hata mmoja, na pambano lake kubwa akashindwa?"

Nikatua sanduku kwa kishindo. Pambano hilo nililiona kwa macho yangu, nikiwa na miaka minane.

Kinu alirudi kutoka vita vya Burma na vitu viwili: ujuzi wa ngumi, na viatu vyeusi vya ulingoni vya kufunga kamba hadi juu ya kifundo. Alikuwa mfupi, mpana, mzito chini. Alipigana katika uzito wa pili kutoka juu, na wanaume warefu kama nguzo za simu. Akisimama nao ungedhani kaja kuwafunga kamba za viatu. Kila asubuhi bibi akitwanga mahindi, mimi nikipepeta, yeye alirukaruka kukizunguka kinu, akiinamisha kichwa kila mchi ulipopanda. Jina alilipata hapo. Pumba zilimjaa nywele mpaka akafanana na mzee wa kanisa.

"Nitakuponda, mwanangu," bibi alimwambia, "halafu leo tule ugali wa bondia!"

Kisha reli ikatuletea Mzaramo kutoka Dar es Salaam, fundi wa injini na bondia, mikono mirefu mpaka anajikuna goti bila kuinama. Pambano likapangwa Jumamosi mchana. Asubuhi yake Mzaramo akapiga hodi kwetu, akamwamkia bibi shikamoo kwa adabu zote, akala karanga zetu za kukaanga, halafu akaviokota viatu vya Kinu pale mlangoni.

"Mtani, hivi naondoka navyo."

Unajua mambo yetu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na misafara ya pembe kwenda pwani. Mtani akichukua kitu chako, ukikasirika umeaibika wewe. Bibi alibaki kinywa wazi. Kinu alicheka mpaka akakaa chini.

"Chukua, mtani. Ila havitakutosha!"

Basi akapanda ulingoni peku. Weee! Mzaramo akarusha mkono wa kushoto, Kinu hayupo. Akarusha wa kulia, Kinu yuko kwapani kwake anamgonga mbavu, pu! pu! kama mtu anayebisha hodi. Vidole vyake vya miguu vilishika turubai la ulingo kama vya mjusi. Bibi yangu, mwanamke wa kwaya, alipanda juu ya benchi, mimi nikapanda juu ya bibi, naye anapiga kelele, "Mchi huo! Mchi huo!" Raundi ya tano Mzaramo akabanwa kwenye kamba, mikono chini, taya wazi. Uwanja mzima ukalia, "Mlaze!" Kinu akamgusa tumbo kidogo, akarudi nyuma, akamngoja avute pumzi.

Baada ya raundi sita waamuzi wakampa Mzaramo ushindi wa pointi, eti ndiye aliyerusha ngumi nyingi. Kuzirusha alizirusha. Zilifika wapi, muulize upepo. Njiani nikamuuliza Kinu kwa nini hakumlaza yule mtu.

"Ukimlaza," akasema, "mchezo si umekwisha?"

Sasa turudi msibani. Tumefika makaburini, jua la utosi, mara Mzaramo huyo, kichwa kimeshaota mvi, viatu vyeusi vinaning'inia shingoni. Akarukia ndani ya kaburi, akalala chali. Hakuna aliyeshangaa, watani ndivyo walivyo.

"Hazikwi mtu!"

"Toka, mtani, tunaungua," wakamwambia.

"Maneno ya yule fundi mbao yamenifikia njiani. Sitoki mpaka aseme. Raundi sita nilimtafuta huyu mfupi nisimwone! Nilipiga hewa yote ya Tabora! Leo ndiyo mara ya kwanza namkuta amelala, na hakulazwa na mimi. Haya, nani alishinda?"

Seremala akatazama nyundo yake. Bibi akamsogelea. "Sema, mwanangu. Marehemu anasubiri."

"Kinu," akanong'ona.

"Sauti!"

"Kinu alishinda!"

Vigelegele, rafiki yangu, makaburini! Mimi nililia na kucheka kwa uso mmoja. Mzaramo akatoka, akajipangusa udongo, akaviweka viatu juu ya jeneza taratibu.

"Nakurudishia, mtani. Havikunitosha."

Uwanja ule siku hizi ni ghala la karanga, na turubai limefunika paa la mtu. Bibi anasagisha mashineni. Kinu chenyewe kimepinduliwa uani, kuku wanalala juu yake. Asubuhi kwetu kimya. Lakini shuleni, mwalimu wa hesabu akinyanyua fimbo, mimi navua viatu kwanza, nashika sakafu kwa vidole, nainamisha kichwa. Mpaka leo hajanipata.