Majivu Niliyosugulia Diski ya Amerika

Kompyuta ilipoingia shuleni kwa masista pale Katandala, Sumbawanga, niliogopa kuigusa kama nilivyoogopa kalisi, kikombe cha divai ya misa, siku ya kwanza nilipokabidhiwa sakristia. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye ushirika, mimi na wenzangu wengi, miaka ile mashirika yalipokuwa yakifungwa au kuuzwa. Masista wakanipokea. Asubuhi niliandaa vyombo vya misa, mchana nilitunza chumba cha kompyuta. Mke wangu alikuwa anaumwa kifua na watoto wanne walikuwa bado shuleni. Nilimshukuru Mungu kwa funguo zile mbili, wa sakristia na wa chumba cha kompyuta, na kila siku niliogopa kunyang'anywa.

Kompyuta ililetwa na marafiki wa parokia kutoka Amerika, pamoja na diski moja ya kufundishia historia na maisha ya nchi yao. Ukiitia kwenye kompyuta, picha zinatokea, sauti inasimulia, muziki unapigwa, na mwisho yanakuja maswali. Kulikuwa na nyati wakikimbia nyikani, watu wakishuka melini na mizigo yao, watumwa wakipigwa mnada, watu weusi wakiandamana huku wakiimba nyimbo za kanisani. Wasichana wa kidato cha tatu waliipenda kuliko ubao. Walipanga mstari mlangoni wakinitania.

"Shikamoo, katekista. Leo tunafika Amerika?"

"Marahaba. Futeni miguu kwanza, huko hawaingii na tope."

"Na viza je?"

"Viza ni kunyamaza."

Ilipofika sehemu ya mnada walinyamaza bila kuambiwa. Mimi nilisimama nyuma yao nikishika rozari mfukoni. Bibi yangu alizaliwa upande wa Msanzi, na alitusimulia habari za misafara iliyopita huko, watu wamefungwa shingoni. Sikuwahi kudhani kwamba sanduku la umeme lingenikumbusha sauti yake.

Tukapata habari kwamba walioleta diski wangekuja Jumamosi kuwaona wasichana wakijifunza. Sista Mkuu akaagiza chumba kile kiwe safi kama altare. Alhamisi mchana upepo wa Agosti ulileta vumbi jekundu hadi chini ya kitambaa cha kufuma nilichofunikia kompyuta. Nikaitoa diski, nikaona alama za vidole na ukungu wa vumbi.

Nilijua njia moja tu ya kusafisha kitu king'aacho. Mama alisugua masufuria kwa majivu ya maganda ya maharage, yaliyochekechwa hadi yawe laini kama unga, na limau kidogo. Ndivyo nilivyosugua patena, kile kisahani cha hostia, na kalisi. Basi nikaisugua diski upande ule unaong'aa, taratibu, kwa kuzungusha, huku nikisali Salamu Maria. Nikaisuuza, nikaifuta, nikairudisha kwenye kompyuta.

Nyati wakatokea. Wakakimbia hatua chache, wakasimama, miguu hewani. Sauti ikarudia neno lilelile mara nyingi, ikakwaruza, ikakatika. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati langu, nikairudisha. Safari ile hata nyati hawakutokea.

Sumbawanga mwezi wa Agosti ni baridi, lakini jasho lilinitoka hadi mgongoni. Niliwaza dawa za mke wangu. Niliwaza wageni wakikaa mbele ya kioo kitupu. Ningeweza kusema ni umeme, kwa kuwa ulikatika kila wiki na hakuna ambaye angebisha. Lakini asubuhi ileile nilikuwa nimewafundisha watoto wa komunyo amri ya nane: usiseme uongo.

Ijumaa baada ya misa nikaenda ofisini kwa Sista Mkuu. Nikainama na kupiga makofi taratibu, kama tufanyavyo Wafipa mbele ya mkubwa.

"Sista, nimeiua diski."

"Umeiua vipi?"

"Nimeisugua kwa majivu."

Akanitazama. "Majivu gani, baba?"

"Ya maharage. Yale ninayosugulia kalisi."

Akaweka kalamu chini. "Kalisi yetu?"

"Mwaka wa tatu sasa."

Alitangulia kwenda sakristia, nami nikamfuata. Akaileta kalisi dirishani. Ndani yake, karibu na ukingo, dhahabu ilikuwa imefifia, na fedha ya kijivu ikionekana. Nilikuwa nikiishika kila siku kwenye kile chumba chenye giza bila kuona.

"Tulidhani ni uzee," alisema.

Hofu ya diski ilikuwa hofu ya kazi. Hii ilikuwa nyingine. Nikatoa funguo zote mbili, nikaziweka mezani.

"Majivu yarudi jikoni," akasema. "Kesho utawaeleza wageni mwenyewe. Mimi nitatafsiri."

Jumamosi nilisimama mbele yao, nikaeleza yote. Mzee mmoja aliigeuza diski kwenye mwanga, akaona miduara ya mkono wangu, akauliza jambo kwa Kiingereza. Sista akajibu, kisha akanigeukia.

"Anauliza nani sasa atatunza chumba. Nimemwambia ni wewe."

Diski nyingine haikuja kabla wasichana wale hawajamaliza shule. Funguo nilibaki nazo. Tangu hapo kalisi naiosha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, dirishani, na kila ninapofika kwenye ule ukingo mkono wangu husita.